Matairi ya Safari ya Kwa Mama

Masika yanapoingia, swali la nyumbani kwetu Mombasa huwa moja: tutafikaje kwa mama mzazi, huko ndani ya Kinango, ambako lami huishia mbali na mlango wake? Mama ana kisukari, na kila mwezi hutakiwa kliniki. Matope hayangoji tarehe ipite.

Mwaka huu matairi ya gari yalipokwisha, bwana wangu alipendelea yale ya matope hasa, yenye meno makubwa na mapengo mapana baina yake. Hoja yake ilikuwa na uzito: mapengo hayo hutema tope tairi lizungukapo, ilhali tairi la kawaida hujaa tope mara moja, likateleza.

Nami nilimjibu kwa hesabu. Katika siku 30, tope twalikanyaga siku 2 tu. Zilizosalia ni lami: shule, madrasa, soko na kazi. Tairi la matope hugusa lami kwa sehemu ndogo. Kwa hivyo huvuma, hula mafuta na huisha upesi. Na lililo zito zaidi, lami ikilowa gari huchelewa kusimama. Watoto walioketi nyuma ni amana siku zote 30.

Tulikubaliana juu ya tairi la kati, lililoundwa kwa lami na njia mbovu pia. Topeni halina nguvu za lile la kwanza, lakini latosha dereva akienda kwa utaratibu. Mvua ikizidi kipimo, tutamchukua mama mapema alale kwetu hadi siku ya kliniki.

Dada zangu, ununuzi huu aghalabu huachiwa wanaume, ilhali wengi wetu ndio tunaoendesha watoto kila asubuhi. Ukifika dukani, linganisha kipimo kilichoandikwa ubavuni mwa tairi na kile cha kibandiko kilichoko penye mlango wa dereva. Kisha tazama tarakimu 4 za mwisho baada ya herufi DOT: 1424 maana yake ni wiki ya 14 ya mwaka 2024. Tairi huzeeka hata likiwa dukani. Upepo upimwe matairi yakiwa baridi. Na ukiupunguza ili kuvuka tope, urejeshe kabla ya kukimbia kwenye lami.

Mwenyezi Mungu atufikishe salama.