Baiskeli ya Tibirinzi na Asili Yake

Tibirinzi ni mtaa wa mji wa Chake Chake, katika kisiwa cha Pemba. Ukiutaja mbele ya watoto, wao hukumbuka sikukuu, kwa kuwa huko ndiko kwenye uwanja wa kuwafurahishia. Sisi tulikwenda kwa jambo jingine. Tuliitwa kuitazama baiskeli kongwe aliyoiacha mzee mmoja, Mwenyezi Mungu amrehemu, ambayo warithi wake walikhitalifiana juu yake.

Wasomaji wetu wanajua daraja ya baiskeli katika kisiwa hiki cha vilima na mikarafuu. Kabla ya magari kuwa mengi, ndiyo iliyobeba gunia la karafuu, mkungu wa ndizi, hata mgonjwa. Na katika majina yaliyosifika, Raleigh lilikuwa mbele.

Marehemu hakuacha mali nyingi. Mnunuzi wa vitu vya kale kutoka Unguja aliahidi bei nzuri, lakini kwa sharti kwamba baiskeli hiyo iwe Raleigh ya kweli. Mwana mkubwa alituonyesha bamba la shaba shingoni mwake, lenye jina hilo na kichwa cha korongo. Akasema, "Maalim, jina si hili hapa?"

Mama yake akajibu, "Jina tunaliona, mwanangu. Lakini baba yako aliinunua kwa mtu, na mtu huyo aliinunua kwa mwingine. Nataka ijulikane kwanza, ndipo nipokee thumuni yangu."

Basi akaitwa fundi wa baiskeli, mtu mzima aliyeshika kazi hiyo tangu utoto. Fundi hakulitazama bamba. Aliipindua baiskeli juu chini, akafuta mafuta yaliyogandamana katika gurudumu kubwa la meno, lile la kwenye pedeli. Akatueleza kwamba viwanda vya Uingereza vilikuwa vikiweka alama zao hapo: Raleigh vichwa vya korongo, Rudge kiganja cha mkono, na Humber watu wenye kufuatana. Hapa zilitokea herufi tatu: BSA.

Mwana mkubwa akasema kwamba gurudumu la meno huweza kubadilishwa. Fundi akakubali, akafungua kikombe cha gololi za pedeli, akajaribu kutia kingine kilichotoka katika Raleigh. Hakikuingia. Sababu yake ni kwamba Raleigh walikata hesi zao 26 katika kila inchi, na wengi wa watengenezaji wengine wa Uingereza walikata 24. Hesi hizo zimo katika mwili wenyewe wa baiskeli. Kisha akalitoa bamba, na chini yake yakaonekana matundu mawili ya ribiti za zamani, yasiyolingana na bamba hilo.

Katika kitovu cha gurudumu la nyuma tulisoma AW na nambari 54. Hicho ni kitovu cha giya tatu cha Sturmey-Archer, cha Nottingham, na 54 ni mwaka 1954. Hata hivyo fundi alituonya kwamba nambari hiyo ni umri wa kitovu tu, kwani kampuni hiyo iliwauzia vitovu watengenezaji wengi, na gurudumu ni kitu cha kubadilishwa.

BSA ilianzishwa na mafundi wa bunduki wa Birmingham mwaka 1861, na ndiyo maana alama yake ni bunduki tatu zilizosimamishwa pamoja. Baiskeli ilianza kuzitengeneza katika miaka ya 1880. Raleigh ni ya Nottingham, na ilipata jina lake katika mtaa wa Raleigh, ambako Frank Bowden alikikuta kiwanda kidogo akakinunua mwaka 1888. Mwaka 1957 Raleigh ikainunua kazi ya baiskeli ya BSA.

Kusikia hayo, mwana mkubwa alifurahi. "Basi tukisema ni Raleigh hatukusema uwongo!"

Tukamwambia, "Mwanetu, mtoto wa kulelewa huitwa kwa jina la baba aliyemzaa, ijapokuwa amekula na kulala nyumbani kwa mlezi. Hesi hizi ni za Birmingham. Na dini yetu imemwajibisha muuzaji kuieleza aibu ya bidhaa yake."

Mnunuzi alielezwa yote mbele ya fundi. Akapunguza bei hata ikawa chini ya nusu. Mjane hakubadilika uso. Mwana mdogo, ambaye hana chombo cha kumfikisha kazini, akaomba aichukue yeye kwa thamani hiyohiyo, ikatwe katika fungu lake. Warithi wakaridhia, baada ya deni la marehemu kulipwa. Bamba la shaba likafungwa katika karatasi, akapewa mwana mkubwa.

Nasaha yetu kwa wenye nyumba ni ndogo. Mna vyombo vya wazee: saa, cherehani, taa, baiskeli. Waulizeni wazee wangali hai: kilinunuliwa kwa nani, mwaka gani, na kipi kilibadilishwa. Yaandikeni. Karatasi moja ingeliwatosha watu wa nyumba ile, wala wasingelihitaji kushindana juu ya bamba.