Mkusanyaji wa Wadudu wa Kilimanjaro

Watu wengi humhesabu mdudu kuwa si kitu. Nzige huogopwa, nyuki hupendwa kwa asali yake, na kumbikumbi huliwa. Lakini wengineo hupondwa kwa kidole, wala hakuna aulizaye majina yao.

Alikuwako Mswedi mmoja, jina lake Yngve Sjöstedt, aliyezaliwa mwaka 1866. Huyu alikuwa mtaalamu wa wadudu katika nyumba ya makumbusho ya Stockholm, naye alikwisha kuandika kitabu juu ya mchwa wa Afrika. Mwaka 1905, nchi hii ilipokuwa chini ya Wadachi, alifika Kilimanjaro, akakaa Kibong'oto, upande wa magharibi wa mlima. Hata mwaka 1906 alikuwa akikusanya wadudu huko, na katika mlima Meru, na katika nyika za Wamasai zilizo karibu.

Vyombo vya kazi hiyo ni wavu, chupa ya dawa, pini na kisanduku. Lakini kilicho bora kuliko vyote ni kikaratasi, ambacho juu yake huandikwa mahali mdudu alipopatikana, na tarehe. Mdudu asiye na kikaratasi ni kama barua isiyo na jina la mwandishi wala la mpelekewa.

Wadudu wale walipelekwa Ulaya, wakagawiwa mabingwa, kila mmoja aina aliyoijua. Habari zao zikapigwa chapa katika vitabu vitatu vikubwa, tangu mwaka 1907 hata 1910.

Miongoni mwao alikuwamo mdudu mweusi, urefu wake kama milimeta mbili tu. Mwaka 1908 Filip Trybom, Mswedi mwenziwe, akamwita kwa jina la Sjöstedt. Mtu angaliweza kuuliza, Jina la kidudu kama hicho lina faida gani? Lakini huyo ndiye akaaye ndani ya maua ya kunde, akayafyonza hata yakakauka na kuanguka. Mkulima wa Mkwajuni, karibu na bonde la Rukwa, aonapo kunde zake zimestawi majani wala hazizai, huenda adui yake ni huyo. Na kwa kuwa ana jina moja katika nchi zote, dawa iliyojaribiwa mbali yaweza kujulikana na huku pia.

Sjöstedt alifariki mwaka 1948. Basi, mtoto amwonaye mdudu shambani asifanye haraka kumponda. Kwanza amtazame sana, kisha aandike mahali na siku. Adui asiyejulikana hawindwi.