Kontena Linaloingia Kashikishi

Kamusi yetu ina faili moja tu la maana, na faili hilo linaandikwa na watu wanne ambao hawajawahi kukaa chumba kimoja. Wawili ni wenzangu wa darasa, Dar es Salaam. Wa tatu ni dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, mwalimu wa shule ya msingi mjini Kilwa, upande wa Kongo wa Ziwa Mweru. (Si Kilwa Kisiwani, wanafunzi wa historia wasichangamke bure.) Wa nne ni mimi, ambaye kila likizo narudi nyumbani Kashikishi, wilaya ya Nchelenge, kaskazini mwa Zambia.

Kamusi ni ya Kibemba na Kiswahili. Ni programu huria, yaani yeyote anaweza kuisoma na kuirekebisha, na inafanya kazi kwenye simu bila intaneti. Tuliianza kwa sababu ya foleni ya hospitali. Hapa kwetu watu wanavuka ziwa kila siku, na tangu 2018 kuna makazi ya wakimbizi wa Kikongo huko Mantapala, wilaya hiihii. Mama mdogo, aliyezaliwa ng'ambo, huombwa mara kwa mara amtafsirie mgonjwa asiyemjua. Lugha hizi mbili ni za ukoo mmoja, na hatari iko hapohapo. Mbemba akisema "nalwala" anaumwa, lakini Mswahili anaweza kusikia "nalala". Akisema "impepo" anataja baridi, ile inayomtetemesha mwenye malaria, na Nchelenge malaria ni ugonjwa wa kila siku. Mswahili akisikia pepo, huenda akaenda kutafuta mganga wa aina nyingine kabisa.

Kwa hiyo neno likikosewa kwenye faili letu, si suala la alama za mtihani.

Tatizo lilianzia kwenye alama ndogo kuliko zote, ile ya ng'. Simu ya dada huandika alama iliyopinda, kompyuta yangu huandika iliyonyooka. Kwa macho ni ng'ombe yuleyule. Kwa mashine ni maneno mawili, na anayetafuta la kwanza halioni la pili. Kisha ukaja mpangilio wa alfabeti. Kompyuta moja ya Dar ilipuuza alama hiyo, ng'ombe akakaa baada ya ngoma. Nyingine iliihesabu kuwa inatangulia herufi zote, ng'ombe akapanda juu ya ngalawa. Kila mmoja alipohifadhi faili, mamia ya mistari ilionekana imebadilika ilhali hakuna neno lililoongezwa, na neno moja jipya la dada likafichika humo kama sindano mchangani. Ukiuliza kulikoni, kila mtu anatoa jibu ambalo waandika programu wote wamelizoea: "Kwangu inafanya kazi."

Kontena lilibuniwa ili kulizima jibu hilo. Jina limetoka bandarini. Mwaka 1956 Malcom McLean, mfanyabiashara wa Marekani, alipakia makontena 58 kwenye meli ya Ideal X kutoka Newark hadi Houston. Winchi haikuhitaji kujua ndani mna nini. Docker, iliyooneshwa hadharani mwaka 2013, ililieneza wazo hilo kwenye kompyuta: programu inafungwa pamoja na kila inachohitaji, hata kanuni ya kupanga alfabeti, kisha inafunguliwa popote na kufanya vilevile. Ng'ombe anakaa mahali pamoja, Dar na Kashikishi.

Lakini "popote" hiyo ina bei. Wenzangu walianza na msingi wa kawaida wa Python, ambao ukishafunguliwa unakaribia gigabaiti 1. Wao wanatumia Wi-Fi ya chuo. Mimi nanunua bando, na mwaka ule wa 2024, ukame ulipopunguza maji ya Kariba, umeme ulikatika saa nyingi kila siku. Docker hupakua kontena tabaka kwa tabaka. Kompyuta ikizimika katikati ya tabaka kubwa, unalianza upya, na bando lililokwisha halirudi. Nilijaribu usiku tatu mfululizo. Nilipolalamika, mwenzangu mmoja alinijibu kwamba siku hizi nafasi ni rahisi. Ni rahisi kwa aliye kando ya kebo. SEACOM ilifika Dar mwaka 2009 na EASSy mwaka uliofuata, zote kwa njia ya bahari. Zambia haina bahari.

Tulibishana wiki nzima, kwa adabu ya kutosha. Mwishowe tulihamia msingi wa Alpine, ambao wenyewe hauzidi megabaiti 10, na kontena letu zima likashuka chini ya megabaiti 100. Pia tulibadili mpangilio wa tabaka: zana, ambazo hubadilika kwa nadra, zikawekwa chini, na maneno, yanayobadilika kila siku, yakawekwa juu kabisa. Sasa nikisasisha, ninachopakua ni maneno tu.

Dada hana kompyuta, na kwake kontena dogo ni kubwa vilevile. Kilichomfaa ni uunganishaji endelevu. Anaandika neno kwenye simu na kulituma GitHub. Seva ya huko, ambayo miradi iliyo wazi kama wetu haiilipii, inafungua kontena, inapitisha majaribio yote, na baada ya dakika chache inamjibu kwa ujumbe mfupi: kijani au nyekundu. Gigabaiti zinasafiri kati ya seva na seva. Ziwani unafika ujumbe tu. Nami nilisisitiza ujumbe huo uwe wa Kiswahili. Mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulishatoa programu ya ofisi kwa Kiswahili mwaka 2004, Jambo OpenOffice. Sioni kwa nini miaka yote hii baadaye mwalimu wa Kilwa aambiwe kwa Kiingereza kwamba alama yake ya ng' imepinda.

Kinachonifurahisha ni kwamba jaribio halijui nani ametuma. Neno la dada linapimwa kwa sharti lilelile la wanafunzi wa kompyuta. Hata hivyo mashine haijui kwamba impepo si pepo, kwa hiyo maneno ya ugonjwa yanahitaji pia wasomaji wawili, mmoja wa kila upande wa ziwa. Mama mdogo ni mmoja wao. Husomewa.

Sasa hivi kuna mstari mmoja mwekundu. Dada ametuma mpumbu, samaki aliyejaa Mweru na Luapula mpaka uvuvi ukammaliza miaka ya 1940. Safu ya Kiswahili ameiacha wazi, na jaribio linakataa safu tupu. Anasema Kilwa nao humwita mpumbu. Wenzangu wa Dar hawataki neno hilo liingie safu ya Kiswahili, kwa sababu ambayo sitaieleza hapa maana wahadhiri wanasoma. Mimi nataka liingie. Tutapiga kura Jumamosi, umeme ukiwepo.