Shati la Watu Wote

Jumatatu, 3 Machi 2025

Leo nimeshinda na picha za mashati ya vita ya Walakota, tawi la Wasioux waishio kwenye nyanda za Marekani. Shati moja lilihitaji ngozi mbili, za paa au za kondoo mwitu wa milimani. Ngozi zililainishwa kwa ubongo wa mnyama, zikashonwa kwa uzi wa kano. Umbo la mnyama halikufutwa: ngozi ya miguu iliachwa ining'inie chini. Mabegani na mikononi hupita mikanda ya nakshi, na kandokando yake vishungi vya nywele za binadamu.

Mpiganaji mara nyingi hakupigana akiwa amevaa shati hili. Aliingia vitani karibu uchi, yeye na farasi wake wakiwa wamepakwa rangi. Shati lilivaliwa barazani na kwenye sherehe, mbele ya watu waliojua alichokifanya.

Jumatano, 5 Machi

Nimezirudia zile nywele. Filamu zimetuzoesha kudhani kuwa zote ni za maadui. Za namna hiyo zilikuwepo. Lakini Waoglala, ambao ni kundi mojawapo la Walakota, walikuwa na viongozi walioitwa Wavaa Shati, na vishungi vya mashati yao viliwakilisha watu waliokabidhiwa kuwalinda. Aliyevaa alikuwa amebeba jamaa zake mabegani.

Crazy Horse alikuwa mmoja wao. Mwaka 1870 aliondoka na mke wa mtu. Mume akawafuata, akampiga Crazy Horse risasi usoni. Crazy Horse akavuliwa cheo cha shati. Hakuna aliyetilia shaka ushujaa wake, na mwaka 1876 alipigana kwenye vita vya Little Bighorn dhidi ya wanajeshi wa Marekani walioongozwa na Custer. Lakini shati halikuwa mali yake.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya Wanawake, nami nawaandika mafundi. Kabla ya shanga, nakshi zilitengenezwa kwa miiba ya nungu. Mwanamke aliitia rangi za mimea, akailainisha mdomoni kwa mate, akaibapanisha, kisha akaikunja na kuishonea juu ya ngozi kwa msaada wa msharasi. Walakota husimulia kuwa ufundi huu uliletwa ndotoni na Mwanamke Pacha. Na wanawake nao waliweka hesabu ya sifa zao: kwenye mpini wa pembe wa kifaa cha kuparia ngozi walichora nukta, kila nukta ikiwa kazi iliyokamilika.

Katika karne ya 19 wafanyabiashara walileta shanga za kioo kutoka Venice. Shanga za Venice zilipita Zanzibar pia, zikabebwa na wapagazi hadi bara. Zile nyekundu ziliitwa samesame. Walakota walizipanga shanga zao kwa safu fupi zilizoinuka kidogo, mara nyingi juu ya uwanja mweupe au wa buluu. Wanawake walishona pembetatu na misalaba. Wanaume walichora farasi na mapigano yao wenyewe.

Ijumaa, 14 Machi

Manyoya ya tai. Unyoya ulistahiliwa kwa tendo lililoshuhudiwa, na kumgusa adui aliye hai kisha kuondoka salama kulihesabiwa heshima kubwa. Kofia ya manyoya mengi, basi, ilisomeka kama wasifu wa mtu. Siku hizi sheria ya Marekani inawalinda tai. Ghala la serikali huko Colorado hupokea waliokufa na kuwagawia watu wa makabila kwa ajili ya ibada zao.

Jumapili, 16 Machi

Shati la mwisho ni la kitambaa cha pamba, la Ngoma ya Mizimu, harakati ya kidini, na liliaminiwa kuzuia risasi. Tarehe 29 Desemba 1890 jeshi la Marekani liliwaua Walakota huko Wounded Knee, wanawake na watoto wakiwemo. Mwaka 1892 shati lililohusishwa na mauaji hayo liliingia makumbusho ya Glasgow, Uskoti. Walakota walilidai, na mwaka 1999 wakarudishiwa. Marcella LeBeau, mwanamke wa Kilakota, alishona nakala, na Glasgow wakabaki na hiyo.

Hiyo ndiyo haki. Vazi lililoshonwa na wanawake, likabeba nywele za jamaa na kuthibitishwa na mashahidi, haliwezi kuwa mali ya mkusanyaji mmoja, wala vazi la kuigizia kwenye tafrija. Makumbusho mengine yenye mashati ya aina hii yayarudishe kwa wenyewe.