Mgao

Neno "mgao" limepata bahati mbaya katika Kiswahili cha zama zetu. Asili yake ni kitendo cha heshima: kitu kimoja kugawiwa wengi, kila mtu akapata fungu lake. Lakini wakazi wa Dar es Salaam walioipita miaka ya 2006 na 2011, na tena mwishoni mwa 2022 na mwishoni mwa 2023, wakilisikia neno hilo hawafikirii fungu, wanafikiria giza. Neno la kupewa limekuwa neno la kunyimwa. Mfasiri hukutana na maneno ya namna hii kila siku. Hili lilinifuata mpaka uani kwangu, hapa Madale, kwa sababu ya magari mawili.

La kwanza ni la mpwa wangu: Nissan Leaf ya mtumba kutoka Japani, ya toleo la mwanzo, ambayo huitumia kubebea abiria. La pili ni la mpangaji wetu, muuguzi ambaye huitwa kazini wakati wowote. Limetoka China, nalo lina betri kubwa zaidi. Yote mawili hunywa umeme, ila hayanywi kwa mdomo mmoja. Tundu la lile la Japani lina pini 5, na la China lina pini 7. La Japani halipokei zaidi ya kilowati 3.3 kwa chaji ya nyumbani. La China hufika 7. Nyumba ina mita moja ya LUKU, na waya uliovutwa hadi uani umewekewa kikata umeme cha ampea 32.

Hesabu yake ni nyepesi. Kwa volti 230, gari la kwanza lahitaji kiasi cha ampea 14 na la pili 30. Jumla ni 44. Yakichomekwa pamoja, haupiti muda kikata umeme kikaanguka, na ni heri kianguke, maana waya uliozidiwa hupata moto, na moto wa waya haubagui chumba cha mpangaji na cha mwenye nyumba.

"Baba," alisema muuguzi, "nikiitwa wodini usiku siwezi kumwambia mgonjwa aisubiri betri."

"Mjomba," alisema mpwa wangu, "mimi hutoka saa 10 alfajiri. Gari lisipojaa, siku hiyo sina kazi."

Wote wawili walisema kweli, na hapo ndipo ilipo taabu ya kugawa. Mmoja angekuwa mwongo, hukumu ingekuwa rahisi.

Rai ya kwanza ilikuwa nusu kwa nusu, ampea 16 kila gari. Wengi wangeiita hiyo haki. Lakini Leaf haiwezi kutumia zaidi ya 14. Ampea 2 zingekaa bure usiku kucha, na jirani yake ana njaa. Fundi akatueleza njia nyingine. Kisanduku cha kuchajia huliambia gari kiwango kiruhusiwacho, na gari hutii. Kiwango hicho hakishuki chini ya ampea 6, ama sivyo chaji husimama. Visanduku viwili vikiunganishwa, kimoja huchukua 14 na cha pili 18. Leaf ikishashiba, la China hupanda mpaka 30.

Hata hivyo, kisanduku hakijui nani anatangulia kuondoka. Hilo lilibaki kwetu. Tuliafikiana kuwa mwenye safari ya karibu ndiye wa kwanza, na kwamba umiliki wa nyumba si cheo mbele ya tundu. Kila tundu likawekewa mita yake ndogo, ili kila mtu anunue tokeni kwa kadiri ya matumizi yake. Bei nafuu ya shilingi 100 kwa uniti ni ya nyumba zisizozidi uniti 75 kwa mwezi. Magari mawili huzimaliza kwa siku chache, na uniti ya daraja la T1 ni shilingi 292 kabla ya kodi.

Msomaji wa Unguja hahitaji kufafanuliwa haya. Mashariki ya Madale, ufukweni Ras Kiromoni, ndiko unakoingia baharini waya unaokwenda Fumba. Ule wa mwaka 1980 ulibeba megawati 45. Hitilafu ilipotokea Desemba 2009, kisiwa kilikaa gizani kwa kiasi cha miezi mitatu. Waya wa pili, wa megawati 100, ulikuja 2013. Leo Bwawa la Julius Nyerere lina mashine 9 za megawati 235 kila moja, na ya kwanza iliingia katika gridi Februari 2024. Umeme umeongezeka mtoni Rufiji, lakini waya wa uani kwangu haujanenepa.

Wingi wa chanzo, basi, haumwondolei mtu kazi ya kugawana. Mpwa wangu amebandika karatasi karibu na matundu, ameandika saa za kila mmoja kutoka, na juu yake ameandika "Mgao". Sikuisahihisha. Kwa mara ya kwanza katika miaka mingi, nililisoma neno hilo taa zikiwaka.