Noti Kipajini: Kufuata Sauti Hadi Mkula

Kila mwaka ni yaleyale. Likizo ikifika, wapenzi wa mjini wanawaza Zanzibar. Mfuko ukigoma, wanatafuta hoteli yoyote yenye bwawa na chipsi kuku. Wa Mwanza ndo kabisa. Wakisema wanatoka, wanapita Lamadi kama upepo, wanaingia geti la Ndabaka, wanapiga picha na twiga wa Serengeti, wanarudi. Si mbaya. Ila mwezi huu tunakupa safari nyingine ya bei poa, ambayo haihitaji darubini wala gari la juu. Inahitaji masikio yako mawili na mawili ya mwenzako.

Tunakwenda Mkula, mkoani Simiyu, kusikiliza waimbaji. Humo njiani utakutana na ngoma, kwaya, hata opera. Usishtuke, tutafika.

Shukeni kwanza Kisesa

Ukitoka Mwanza kwa barabara ya Musoma, kabla hujakaa sawa kwenye kiti, unafika Kisesa. Hapo, kilomita kama 20 tu kutoka mjini, kuna kilima cha Bujora na Makumbusho ya Wasukuma. Aliyeyaanzisha ni Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, ambaye Wasukuma walimpa jina la Fumbuka. Alikuja akaipenda ngoma ya wenyeji badala ya kuipiga vita. Kanisa la Bujora limejengwa kwa umbo la nyumba ya msonge, na ndani ya makumbusho kuna ngoma za watemi, viti vya enzi na vifaa vya wacheza ngoma.

Mkifika mwezi Juni mmelamba dume. Ndo wakati wa Bulabo, neno ambalo kwa Kisukuma maana yake ni maua. Ilianza kama shamrashamra za sikukuu ya Ekaristi, lakini kinachojaza uwanja ni mashindano ya ngoma. Mavuno yameingia, pamba inauzwa, mtu ana mshiko kidogo mfukoni na muda wa kushangaa.

Upande mmoja wapo Bagika, upande wa pili Bagalu. Inasimuliwa kwamba katika karne ya 19 waganga wawili, Ngika na Gumha, walibishana nani ana dawa kali zaidi, wakakubaliana ugomvi uamuliwe kwa ngoma. Wao walishakufa zamani, lakini kila kundi linaloingia uwanjani leo linaingia kwa upande wa mmoja wao. Yaani ukitaka kujua tamasha la kumuenzi msanii aliyetangulia linafananaje, usiende mbali. Hili hapa.

Na jinsi mshindi anavyopatikana ndo raha yenyewe. Makundi mawili hayapokezani jukwaa. Yanacheza kwa wakati mmoja, yakitazamana! Watu wanakimbilia kule, mara kule kwingine kumetolewa chatu, wanakimbilia huko. Wapiga bugobogobo wanarusha majembe hewani na kuyadaka, kwa kuwa ngoma hiyo ilizaliwa kwenye vikundi vya kulima. Mwenye umati mkubwa ndiye aliyeshinda. Huhitaji jaji mwenye kalamu. Miguu yako ndiyo kura.

Lakini katikati ya vumbi lile msikilizeni mtu mmoja: ningi. Ndiye mtunzi na kiongozi wa kundi. Wengine wakinyamaza, yeye anapaza sauti peke yake, anasema lililo moyoni, kisha kundi zima linamjibu. Sauti ya ningi ishikeni hivyohivyo, tunaondoka nayo.

Kata kulia Lamadi

Kutoka Kisesa mnapita Magu na Mto Simiyu ulioupa mkoa jina, mnapita Nyashimo, mpaka Lamadi. Kushoto kwenu ni Ghuba ya Speke, harufu ya dagaa na sangara. Hapa sasa, wakati wenzenu wananyoosha kwenda Bunda au Ndabaka, ninyi mnakata kulia, barabara ya lami ya kwenda Bariadi. Kilomita chache tu, mmefika Mkula.

Ukiuliza watu wa rika tofauti, mmoja atakwambia hii ni Magu, mwingine Simiyu. Wote wako sawa. Mkoa wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012, na Wilaya ya Busega, ambako Mkula iko, ilimegwa kutoka Magu ya mkoani Mwanza. Mipaka imehama, watu wapo palepale: ng'ombe, mashamba ya pamba, majaruba ya mpunga, uzio wa minyaa, na mawe makubwa yaliyokaa kama yalisahauliwa na mtu.

Jina la Mkula linajulikana zaidi kwa hospitali. Ni ya Kanisa la Africa Inland Tanzania, na watu wanatoka vijiji vya mbali kuja kutibiwa. Kwa hiyo hapa si mahali pa kujirusha. Ni mahali pa subira: ndugu wamekaa chini ya mti, chupa ya chai pembeni, wanasubiri habari njema.

Njooni Jumapili. Kanda yote hii ya ziwa ni nchi ya kwaya, na kanisa hili limelea kwaya ambazo kanda zake zilichezwa kila kona ya Tanzania, kama AIC Makongoro ya Mwanza. Kaeni kwenye benchi, msikilize jinsi wimbo unavyojengwa. Mwimbishaji anaanza peke yake, kiitikio kinamfuata. Kisha zinapangana sauti nne, na ukimuuliza mwanakwaya yeyote anaimba nini, atakujibu bila kufikiri: soprano, alto, teno au besi.

Umeona? Hayo ni maneno ya Kiitaliano yaliyotembea. Yametoka nchi ya opera yakaja kukaa Usukumani, na hakuna anayeyaona wageni.

Basi opera yenyewe ni nini?

Opera ni tamthiliya inayoimbwa. Ilianza Italia miaka ya kuelekea 1600. Katikati ya hadithi hufika mahali mambo yote yanasimama, mhusika anabaki na moyo wake, anaimba peke yake. Wimbo huo unaitwa aria, na kwa Kiitaliano maana yake ni hewa. Ningi wa Bujora angeelewa mara moja.

Huko Ulaya ni jambo la kawaida kuandaa usiku wa aria tupu kwa heshima ya mwimbaji aliyekufa, na mapato yakaenda kusaidia wanamuziki chipukizi. Ukisikia hivyo unadhani ni anasa za wenye suti. Chimbuko lake lakini lina njaa ndani yake.

Mfano ni Handel. Kwaya zetu zinamjua, maana Haleluya Kuu ni yake, na imeimbwa kwa Kiswahili Pasaka na Krismasi nyingi tu. Kabla ya hapo, mzee huyo alikuwa mtunzi wa opera, aliandika zaidi ya 40. Katika okestra yake London kulikuwa na mpiga oboe mashuhuri aliyeitwa Kytch. Alikufa fukara. Inasimuliwa kwamba wanamuziki wenzake walikaa mgahawani mtaa wa Haymarket, mtaa uleule wa jumba la opera, wakaona vijana wawili wanaswaga punda wa maziwa. Walipouliza, kumbe ni watoto wa Kytch! Aibu ile ikazaa mfuko wa kusaidia wanamuziki na familia zao, mwaka 1738. Handel alikuwa miongoni mwa waanzilishi, na katika wosia wake aliuachia mfuko huo pauni 1,000.

Na hiyo Haleluya Kuu, iliyomo ndani ya Messiah, mara ya kwanza kuimbwa hadharani ilikuwa Dublin, tarehe 13 Aprili 1742, katika onyesho la hisani. Fedha zilikwenda kwenye hospitali mbili na kuwalipia wafungwa wa madeni. Watu 142 wakatoka jela. Kwa hiyo wimbo na hospitali kukaa jirani, kama pale Mkula, si jambo geni.

Wa pili ni Luciano Pavarotti. Wengi wetu tulimjua kupitia mpira, pale wateno watatu walipoimba Roma mkesha wa fainali ya Kombe la Dunia 1990. Baba yake alikuwa mwoka mikate wa Modena aliyekuwa na sauti nzuri ya teno. Mwana alikaa kwenye kwaya pamoja na baba, na mwaka 1955 kwaya yao ilisafiri mpaka Llangollen, kamji kadogo ka Wales chenye mashindano ya kwaya, ikashinda. Yeye mwenyewe alikuwa akisema ushindi ule ndio ulimtia moyo awe mwimbaji. Nyumbani, mwalimu wake wa kwanza, Arrigo Pola, alimfundisha bila kumtoza hata senti, kwa kuwa alijua hali ya familia. Mwaka 1961 akashinda shindano jingine, na zawadi yake ikawa kuimba opera yake ya kwanza jukwaani. Alifariki tarehe 6 Septemba 2007, na taasisi yenye jina lake inawapa jukwaa waimbaji vijana.

Sasa yapange: baba aliyempeleka kwenye kwaya, kamji kalikoweka mashindano, mwalimu asiyedai ada. Ukimtoa mmoja tu hapo, dunia ingepata mwoka mikate mwenye sauti nzuri.

Kutunza ni nini?

Kiswahili chetu kina akili. Mwimbaji akikukosha, unainuka, unakwenda mbele, unambandika noti kwenye kipaji cha uso. Hiyo tunaita kumtunza. Lakini kutunza ni pia kulea, kuhifadhi, kuangalia kitu kisiharibike. Na kipaji ni paji la uso, tena ni karama. Sisi tumeishika maana moja ya kila neno na kuiacha nyingine. Noti tunabandika, kipaji hatutunzi.

Tuseme ukweli, tena sisi tunaofanya kazi ofisini na kuitana vikao vya harusi. Bajeti ya ukumbi ipo, MC yupo, mapambo ndo usiseme. Kwaya inayowaimbia kanisani ikifika zamu yake, tunasema, "hao ni wenzetu, tuwaandalie soda na wali". Vijana 30 wamefanya mazoezi mwezi mzima, jioni baada ya shamba au shule, na kinanda cha kuazima. Mwimbishaji mwenye sauti ya kukutoa machozi atakuwa dereva wa bodaboda mwakani. Si kwamba bodaboda ni kazi mbaya. Ila hakuna aliyemuuliza kama angependa kujifunza kusoma nota.

Na inawezekana bila kusubiri serikali. Zanzibar kuna chuo cha muziki cha Dhow Countries, tangu 2002, kinachofundisha vijana taarabu na muziki mwingine. Nairobi, mtaa wa Korogocho jirani na dampo la Dandora, mradi wa Ghetto Classics umewashikisha watoto fidla na tarumbeta, na okestra imesimama. Yote ilianza na watu wachache walioamua kwamba makofi hayatoshi.

Ninyi wawili mnaweza nini? Mnapopanga harusi, wekeni kwaya kwenye bajeti kama mnavyomweka mpiga picha. Mkifikisha mwaka wa ndoa, badala ya chakula cha jioni cha bei mbaya, lipieni kijana mmoja miezi michache ya masomo ya kinanda. Mkiwa na marafiki kumi, andaeni usiku wa nyimbo za mzee fulani wa kwaya mliyekulia mikononi mwake, kiingilio kiwe cha kununulia ala. Mpeni heshima yake akiwa hai, asikie mwenyewe. Hakuna haja ya kusubiri arubaini.

Dondoo za safari

*Lini?* Bulabo inafuata kalenda ya kanisa, kwa kawaida mwezi Juni. Ulizeni Bujora kabla ya kuomba ruhusa kazini. Kwaya zipo kila Jumapili.

*Usafiri.* Pandeni gari la Bariadi, mkihakikisha linapita Lamadi. Wenye gari lenu, barabara ni ya lami hadi Mkula.

*Malazi.* Laleni Lamadi, gesti hazikosekani, asubuhi mnamalizia kipande kilichobaki.

*Msosi.* Sato wa ziwani na ugali. Ulizieni michembe na matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa. Mnatafuna njiani mpaka Mwanza.

*Salamu.* Asubuhi semeni "mwangaluka", mchana ukigeuka "mwadila". Mtaona sura zinavyofunguka.

*Adabu.* Ibada si shoo. Ombeni ruhusa kabla ya kurekodi, na eneo la hospitali kamera ibaki mfukoni.

*Na lile kubwa.* Wimbo ukiwakosha, ibada ikiisha mtafuteni mwalimu wa kwaya. Msalimieni, kisha mumuulize swali moja tu: "Mwalimu, kwaya ina upungufu wa nini?" Jibu lake mliandike, na mwisho wa mwezi mkumbushane.