Siku Nilipomvika Binti Yangu Silaha za Sauli

Mwezi huu sitaanza na makosa ya wazazi wengine. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, maana mchungaji akikosa nyumbani mwake, afadhali aseme yeye kabla majirani hawajamsemea.

Mnajua sisi hapa Kivu tukisema "bale" tunataka kusema nini. Ni kikundi cha watoto na vijana wanaocheza ngoma za asili, wanaoitwa kwenye sherehe na mapokezi ya wageni. Mwaka 2018 tulisikia kwamba bale moja ya watoto huko Bukavu inatafuta wachezaji wapya. Watoto watapimwa mara moja tu, siku ya posho asubuhi, na kazi imekwisha.

Binti yangu alikuwa na miaka 11. Tangu utoto wake hakuweza kusikia ngoma akakaa. Hata akitoka kuchota maji, bido kichwani, miguu yake ilikuwa inahesabu. Tulikubaliana aende. Kilichobaki ni swali moja: mtoto atavaa nini?

Mama wa watoto alisema avae kaputura yake ya jimnastiki na triko, basi. Mimi nikakataa. Nikasema: "Mtoto wa pasta asimame mbele ya watu wa Bukavu na kaputura? Watasema Kalehe kuna njaa!" Nikaenda kwa ndugu mmoja anayenunua mawe ya mgodi, nikakopa dola 25. Nikashuka mpaka soko la Kadutu, nikanunua robo nyeupe yenye mikunjo mitatu na viatu vyeusi vya kung'aa. Viatu nilichukua vikubwa kidogo, ili avivae na mwaka unaofuata. Ninyi wazazi mnanielewa.

Siku ile tulitoka giza likingali. Tulipofika Kavumu mtoto akaniambia: "Papa, robo inanikamata ku mabega." Nikamjibu: "Vumilia, mama. Uzuri ni kuvumilia."

Pale ukumbini watoto wengi walikuwa wamevaa triko na kaputura. Wasichana wengine walifunga kitenge kifupi kiunoni juu ya kaputura, miguu wazi. Nikafurahi moyoni. Nikasema, wangu ndiye ataonekana.

Ngoma ikalia. Mwalimu, mama mmoja wa makamo, akawaambia wakunje magoti, washuke, wapande, wainue mikono, wageuke. Binti yangu alishuka, robo ikafunika magoti yote. Alipoinua mikono, mshono wa kwapa ukapasuka. Alipogeuka, kiatu kimoja kikatoka mguuni, kikaenda mpaka kwa wapiga ngoma. Watoto wakacheka. Yeye akakwenda kukiokota, akakishika mkononi, akasimama. Hakucheza tena. Hakulia pia. Kama angelia, ingekuwa afadhali kwangu.

Nilimfuata mwalimu nikamwomba ampime mara ya pili. Alinitazama kwa huruma, akasema: "Pasta, miye niliona robo. Mutoto sikumuona." Wengine walikuwa wengi wanangoja, na zamu yetu ilikuwa imepita.

Tukarudi. Tulipopita Katana mtoto akaniuliza kwa sauti ndogo: "Papa, ulitaka wanione miye, ao wakuone weye?" Ndugu msomaji, nimehubiri miaka mingi, lakini siku ile sikuwa na jibu. Deni lile nililipa kwa miezi minne. Na mtoto aliikunja ile robo, akaiweka chini ya sanduku, akaacha kucheza. Hata katika masomo ya siku ya Mungu, wenzake walipocheza, yeye alikaa.

Ndipo nikarudi katika 1 Samweli sura ya 17, habari niliyokuwa nimeifundisha mara nyingi bila kujiona ndani yake. Daudi anataka kwenda kupigana na Goliathi. Mfalme Sauli anamvika mavazi yake, kofia ya shaba na upanga. Vilikuwa vitu vya bei. Sauli hakuwa na nia mbaya, alitaka kumsaidia kijana. Lakini Daudi alipojaribu kutembea hakuweza, maana hakuwa amevizoea. Akavivua, akaenda na kombeo lake. Mimi nilikuwa Sauli. Tofauti ni kwamba Daudi aliweza kumkatalia mfalme, lakini mtoto wa miaka 11 hawezi kumkatalia babaye.

Baadaye nilianza kuuliza na kusoma: wale wanaopima watoto wanatafuta nini? Niliona kwamba jambo ni lile lile kila mahali. Hata katika bale ya Ulaya, ile ya kucheza kwa ncha za vidole, shule hazitaki mtoto aje na mapambo siku ya kupimwa. Msichana anavaa nguo nyepesi inayofuata mwili, soksi ndefu na viatu laini. Nywele zinafungwa nyuma ili shingo ionekane. Hereni na bangili zinabaki nyumbani. Sababu si umaskini wala kiburi. Mwalimu anataka kuona magoti yanavyokunjika, mgongo unavyosimama, kifundo cha mguu kilivyo na nguvu. Nguo ikificha hayo, imemficha mtoto. Na vile viatu vigumu vya kusimamia vidole mtoto mdogo havai kabisa, kwa sababu mifupa yake ingali laini.

Tena nilijifunza jambo lililonigusa. Kwa miaka mingi viatu na soksi za bale ya Ulaya vilitengenezwa kwa rangi ya waridi tu, rangi iliyokaribia ngozi ya Wazungu. Wachezaji weusi walipaka viatu vyao poda ya kahawia ili vifanane na miguu yao. Huko New York, Arthur Mitchell, mtu mweusi, alianzisha Dance Theatre of Harlem mwaka 1969, na wachezaji wake wakavaa soksi na viatu vya rangi ya ngozi yao wenyewe. Lakini ni mwaka 2018 tu, mwaka ule ule wa aibu yangu, ndipo kiwanda cha Freed of London kilipoanza kuuza viatu vya ncha vya rangi ya kahawia. Maana yake, hata watu wakubwa wamekawia kuelewa kwamba vazi linapaswa kumfuata mtu, si mtu kulifuata vazi.

Na karibu nasi, huko Nairobi, watoto wa Kibera wamejifunza bale hiyo katika vyumba vya shule, madawati yakisukumwa kando, wengine miguu wazi juu ya sementi. Kijana Joel Kioko alikulia Kuwinda, mtaa wa maskini wa Nairobi, na mwaka 2017 akapokelewa katika English National Ballet School kule London. Waliompokea walitazama alivyocheza, hawakutazama bei ya shati lake.

Najua kuna mzee wa kanisa anayesoma hapa na kuuliza: "Pasta, sasa unataka watoto wa Kikristo wavae nguo za kubana mbele za watu?" Swali ni zuri. Najibu hivi: adabu na magoti kuonekana havigombani. Kaputura inayofika gotini, triko isiyo pana sana, kitenge kifupi juu yake, hapo mtoto amestirika na mwalimu anaona. Daudi alipocheza mbele ya sanduku la Bwana alivaa efodi ya kitani, vazi jepesi, na Mikali akamdharau. Biblia haikumsifu Mikali. Lakini pia mzazi ana haki yake. Uliza nani atakuwa ndani ya chumba, na mtoto atabadilishia nguo wapi. Ukijibiwa vibaya, shika mkono wa mtoto wako mrudi nyumbani.

Basi, ukiwa na mtoto atakayepimwa, katika bale, katika kwaya, au katika michezo ya shule, nakushauri haya. Kwanza, uliza mapema wale wanaoita wanataka nini. Kuuliza si aibu. Pili, mvalishe nguo ile nyumbani siku chache mbele, umwambie achuchumae, aruke, ainue mikono. Ikimkamata mahali, iache. Tatu, nguo iwe safi na iliyoshonwa vizuri. Sabuni na sindano vinatosha. Nne, viatu viwe vya kipimo chake cha leo, au acheze miguu wazi. Tano, usikope. Mtoto anayejua kwamba kuna deni juu ya mabega yake hawezi kuruka. Nasema hili hasa kwetu tunaoishi karibu na mashimo. Siku shimo linapotoa, tunawavalisha watoto kama maharusi. Siku linapokauka, wanafukuzwa shule. Na neno la sita: msikilize mtoto akisema inamkamata. Yeye ndiye aliye ndani ya nguo.

Nimalizie habari ya binti yangu. Tarehe 4 Mei 2023, nanyi mnakumbuka, mvua ilishusha mito na mawe juu ya Bushushu na Nyamukubi. Zaidi ya watu 400 walikufa. Wiki zile watoto waliopona walikaa na jamaa na katika makanisa, wakivaa nguo za msaada. Mtoto wa miaka 6 alivaa shati la baba mzima. Siku moja ya Mungu tulitaka watoto waimbe, lakini wakaona haya kusimama, kila mmoja akishikilia nguo yake isianguke.

Binti yangu alikuwa na miaka 16 sasa. Aliinuka pale alipokuwa amekaa. Akachukua kitenge cha zamani cha mama yake, akakipasua vipande virefu, akawafunga watoto viunoni mmoja mmoja. Akakunja mikono ya mashati. Akawavua vile viatu vikubwa, akavipanga kando ya ukuta. Kisha akasimama mbele yao, akaanza kupiga mguu chini, polepole. Wakamfuata.

Alicheza. Kwa mara ya kwanza tangu miaka mitano, nilimwona akicheza. Sikumbuki alivaa nini siku ile.

Hana mama wa Samweli alimshonea mwanawe kanzu ndogo, akampelekea kila mwaka. Ndogo, tena kila mwaka, kwa kuwa alijua mtoto anakua, na alijua kipimo chake hata akiwa mbali. Wazazi wapendwa, Mungu atusaidie kujua kipimo cha watoto wetu. Na tukiwa tumekosea, atupe nguvu ya kuwaomba msamaha. Mimi niliomba wangu jioni ile. Alicheka, akasema: "Papa, ile robo tuipatie mutoto wa Bushushu, lakini kwanza tushone kwapa."

Tulishona. Bwana awabariki.